Kichane cha Kuchunga

Siku Kahindo aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake hayuko tena, sikulia. Nilikasirika. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba yangu hapa Beni, natafuna karanga, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Lakini hatujamaliza!" Kahindo akauliza, "Hamujamaliza nini, Papa?" Ningemjibu nini mtoto wa watu? Yeye aliolewa mbali zamani. Kwake mimi ni mzee mmoja wa Beni ambaye mama yake alikuwa akigombana naye kwenye simu juu ya ndizi. Nikamwambia pole sana, mwanangu, nakuja. Kesho yake nilipanda gari la Butembo, na kwa kuwa nyumbani kwangu siku hizi hakuna tena wa kuzungumza naye, niliimaliza njia ile kwa kuzungumza moyoni na mwaka ule. Mwaka mmoja tu. Nimeishi miaka mingi, mingine ilikuwa na harusi ndani yake, mingine ilikuwa na vita, lakini ukinipasua utaukuta ule mwaka wa Vulamba, mtaa wa Butembo, umelala chini ya yote.

Nilifika Butembo nikiwa kijana asiye na ndevu za kutosha kunyoa. Mfanyabiashara mmoja alinipa kazi ya kuchunga depo yake ya simenti: malori yakitoka Kasindi, mimi nasimama mlangoni kuangalia mifuko inavyoingia, yakikwama mpakani, nakaa siku nzima natazama vumbi la simenti likishuka taratibu juu ya viatu vyangu. Chumba nilikipata kwa Mama Kavugho, huyo mama yake Kahindo. Alikuwa mjane, mfupi, mgumu, muuza unga wa mihogo sokoni, na unga ulikuwa kichwani mwake siku zote hata sikujua mvi zake zinaanzia wapi. Alinipangisha anexe iliyoshikana na nyumba yake kwa nyuma. Nilimpa garanti ya miezi mitatu, pesa ya dhamana ambayo mpangaji hurudishiwa akihama, akaifunga kwenye ncha ya kitenge bila kunitazama usoni, akasema, "Maji ni kule. Choo ni kule. Mi sipendi kelele." Basi, hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Kile chumba nakiona hata sasa nikifumba macho. Kitanda cha mbao, mbabula ya kupikia karibu na mlango, msumari mmoja wa kutundikia shati la Jumapili, na dirisha dogo linalotazama ua wa matete. Ukuta wa kati yangu na Mama Kavugho haukufika juu hadi kwenye mabati, kwa hiyo kila kilichosemwa kwake kilinimwagikia mimi. Jioni alisali rozari kwa sauti ya mtu anayedai deni. Akimaliza, aliwasha redio na kubishana nayo. Msomaji wa habari akisema barabara itatengenezwa, yeye alijibu, "Muongo weye! Kuya apa uone." Akisema hali ni shwari, alijibu, "Ku kwenu, labda." Mimi nilikula bugali na sombe, majani ya muhogo, upande wangu, nikicheka kimoyomoyo, nikingoja aseme lingine. Wakati mwingine nilitamani sana kumjibu juu ya ukuta. Sikuthubutu hata mara moja.

Avenyu ile, yaani mtaa wetu mdogo, ilikuwa na desturi yake. Mpangaji mpya hupita kujionesha: hubeba kitu cha kunywa pamoja na majirani, husema jina lake na anakotoka, watu humtazama vizuri, kisha anakuwa wao. Nilisikia kwamba kinachobebwa ni kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na mimi nilikuwa Mprotestanti wa kweli kweli, hata harufu yake niliikimbia. Haikuniingia akilini kwamba kilo moja ya sukari ingetosha kabisa. Nikaona aibu kupita mikono mitupu, nikaahirisha, na aibu ikiahirishwa inanenepa. Majirani wakaanza kuniita "ule wa simenti". Nilipita nikisema bonjour chini chini, nao walijibu chini chini, tukaachana hivyo mwezi hata mwezi. Siku hizi vijana husema upweke ni kukosa watu. Si kweli. Watu walikuwa pande zote. Nilijua nani anakohoa na nani amenunua sahani mpya. Upweke wangu ulikuwa ni kujua yote hayo na kutokuwa na mtu wa kumwambia.

Katikati ya mwaka nilikuja Beni siku mbili, na niliporudi nilibeba ndani ya gunia lililolowa mtoto wa mgomba niliopewa na rafiki. Niliupanda nyuma ya anexe, pale maji yangu ya kuoga yalipotokea. Ewe msomaji, kama wewe si wa kwetu utaniuliza, kuna ubaya gani? Kwetu Wanande jambo la mgomba si mchezo. Mpangaji anaweza kupanda maharagi, lenga-lenga, viazi; akivuna na kuondoka, udongo unabaki kama alivyoukuta. Mgomba hauondoki. Unazaa watoto, watoto nao wanazaa, hadi siku moja aliyeupanda anasimama mbele ya shefu wa mtaa na kusema, tazameni, hapa ni pangu. Ndugu wameshtakiana kwa jambo hilo. Hata mtoto mdogo analijua, na mimi nililijua. Lakini nakuapia, udongo wa Mama Kavugho haukuwa kichwani mwangu. Nilitaka tu kuwe na kitu pale nyuma ambacho nikirudi kutoka depo nitakikuta kimebadilika kidogo. Asubuhi niliamkia jani jipya kama watu wanavyoamkiana. Mama Kavugho aliuona. Alipita pale na ndoo yake kila siku, asiseme neno, nami nikadhani hajali.

Mwaka ulipokaribia kwisha, patron, yule mfanyabiashara wangu, alifungua depo ya pili Beni, akaniteua niende kuishika. Kazi ilikuwa kubwa kuliko umri wangu, nikafurahi. Rafiki yangu akanitafutia chumba katika komini ya Ruwenzori, mtaa wa hapa Beni, chenye dirisha la kioo. Lakini mwenye nyumba wa kule alitaka garanti yake kamili kabla ya wiki ile kuisha, la sivyo alikuwa na mtu mwingine mlangoni. Mshahara wangu haukuweza. Garanti ile iliyokuwa kwenye kitenge cha Mama Kavugho ndiyo ingegeuka kuwa garanti ya Beni. Nikiikosa, ningelala juu ya mifuko ya simenti ndani ya depo, na simenti ukiilalia inaingia hadi kwenye mapafu. Basi jioni moja nilimfuata jikoni kwake, akipepeta unga.

"Mama, patron ananituma Beni. Nitatoka ku mwisho ya wiki. Nilikuwa nataka tuone mambo ya garanti."

Ungo wake haukusimama. "Garanti gani?"

"Ile nilikupa, Mama."

"Aa. Ile." Akapepeta. "Tutaona nini inabakia."

Asubuhi yake alisimama mlangoni pangu, akaanza kukata. Ukuta umekuwa mweusi kwa moshi wa mbabula, unaomba chokaa: anakata. Kufuli la mlango limevunjwa: anakata. Kisha akanyoosha kidole nyuma ya nyumba. "Na ule mugomba. Kuung'oa ni kazi ya batu, na shimo yake itaomba udongo. Donc, garanti imeisha."

"Imeisha namna gani, Mama?"

"Imeisha namna inaishaka."

Nilimwambia nitakwenda kwa shefu wa avenyu. Akaniambia njia naijua. Mwaka mzima hatukuwa tumezungumza kirefu hivyo.

Shefu, Papa Mbusa, alikuwa mwashi mzee mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata juani. Hakupenda kesi za kunong'onezwa. Alisema kesi ikinong'onezwa inaoza. Kwa hiyo alituitisha barza, kikao cha wazi, Jumapili baada ya makanisa yote kutoka, kwenye veranda ya Mama Kavugho mwenyewe, na avenyu nzima ikaja, Wakatoliki na Waprotestanti, na viti vyao. Mimi niliketi kwenye benchi peke yangu. Niliwaza, hawa wote ni watu wake, mimi nimekwisha. Papa Mbusa akataja mambo matatu, ukuta, kufuli, mgomba, akauliza nani anajua nini juu ya ukuta.

Aliyesimama alikuwa Mama Esperansi, jirani wa ng'ambo ya ua, mpika mandazi. "Shefu, ule ukuta ulikuwaka mweusi mbele huyu kijana akuye. Lokatere wa zamani, ule alipanga mbele yake, alikuwa anachoma samaki mule ndani. Mama Kavugho mwenyewe anajua." Mama Kavugho akageuka kuwatazama kuku wake kana kwamba wameitwa wao.

"Na kufuli?"

"Kufuli alivunja yeye. Ile siku alipoteza ufunguo, na mvua ikamukutia inje. Alikaa pale ku jiwe, analoana, mpaka mvua ikakatika. Kiisha njo akavunja. Sisi wote tulikuwa tunamuona."

Niliruka kutoka kwenye benchi. "Mulikuwa munaniona?"

"Tulikuwa tunakuona."

"Na hamukuniita?"

"Na weye haukubisha," alisema Mama Esperansi, na sauti yake haikuwa ya kesi tena. "Tulikungojea ukuye kujionesha. Haukukuya. Tukasema, ule wa simenti hapendi batu."

Hapo barza ikafunguka, na Papa Mbusa mwenyewe hakuweza kuifunga. Mzee mmoja akasema, "Kuimba anapendaka, mais anaimbaka wimbo moya tu, na mwisho yake haiyui." Watu wakacheka. Mwingine akasema maharagi yangu yanaungua kila siku ya Mungu, kwa sababu ninayaacha motoni nikienda kanisani, na kwamba wake zao huhesabu saa kwa ile harufu. Walijua shati langu la Jumapili. Walijua siku nilizorudi na mkate na siku nilizorudi bila. Mama Esperansi akasema nilipougua malaria walinisikia nikiweweseka, na Mama Kavugho akamtuma aniletee chai. Alibisha, sikuitika, akaacha termosi mlangoni. "Kesho yake nikaikuta palepale, imejaa," alisema. "Nikasema, hata chai yetu anakataa." Ndugu yangu, termosi ile niliiona. Niliamka nikitetemeka, nikaiona, nikadhani mtu ameisahau, nikairuka kwa heshima nisije nikaimwaga. Nilipowaeleza hivyo hakuna aliyecheka. Mwaka mzima nilidhani ninaishi nyuma ya ukuta, kumbe nilikuwa nikiishi katikati yao.

Papa Mbusa akakohoa, akaniita kwa jina langu. "Kambale. Mugomba. Ulipanda ju ya nini? Unajua desturi."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanitoroka. "Nilikuwa peke yangu, Shefu."

Kisha Mama Kavugho akasimama, na akaongea bila kumwelekea shefu, akanielekea mimi. "Ungalikuwa unataka udongo yangu, ningaliung'oa siku ileile, na mukono yangu mwenyewe. Sikung'oa. Juu ya nini? Niliona, nikasema, mutu anayepanda mugomba ni mutu anangojea kula. Huyu atakaa. Batoto yangu mimi balishaenda bote. Nikasema, apa nyuma kuko mutu atakaa. Nilikuwa ninamwanga maji ya kuosha sahani pale, haukujua? Halafu unakuya ku jikoni yangu, unasimama tu: Mama, nipe garanti yangu, mi naenda." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, ileile yenye fundo la pesa zangu. "Ukienda, enda. Mais usiniambie nisikate kitu."

Papa Mbusa akaikuna kofia yake. Kisha akasema: ukuta, hakuna kukata. Kufuli, Kambale alipe, kwani alivunja. Mgomba haujang'olewa, basi hakuna kukata kwa ajili ya kung'oa. Udongo ni wa Mama Kavugho leo na kesho, na avenyu yote imesikia. Lakini mkono uliopanda ndio utakaokula mkungu wa kwanza. Ukikomaa, Mama autume Beni.

"Na kuchunga?" Mama Kavugho akawaka tena. "Nani atachunga? Mi nichunge bure?"

"Utakata kichane kimoya ya mukungu," alisema shefu. "Kichane ya kuchunga. Kesi imeisha."

Watu wakacheka, wakabeba viti vyao. Mama Kavugho akaniita ndani, akafungua lile fundo, akanihesabia mezani kila kilichobaki baada ya kufuli, akagonga noti ya mwisho kama anaua nzi. Nikashika mlango. "Unaenda wapi? Kula kwanza," akasema. Akanipakulia bugali na maharagi ambayo hayakuungua. Tulikula, redio ikisema uongo wake, naye hakubishana nayo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula mezani kwake, na ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuondoka.

Nilipata chumba cha Ruwenzori na dirisha lake la kioo, nikakaa ndani yake kama nilivyokaa Vulamba. Ujinga hauponi kwa kesi moja. Niliapa nitapita kujionesha, na kila jioni nikasema kesho. Mgomba wa Beni haupendi baridi ya Butembo, unakawia sana, na mimi niliisahau hukumu ya shefu. Hadi siku moja dereva wa Fuso akasimama mbele ya depo akiita jina langu: mama mmoja wa Vulamba amemtuma. Akashusha mkungu. Niliuzungusha, na juu kabisa nikaona alama mbili za kisu, safi, mbichi bado. Nikatafuta namba yake, nikapiga.

"Mama, shefu alisema kichane kimoya. Apa kunakosa mbili."

"Kimoya ya kuchunga," sauti ikajibu palepale, kana kwamba ilikaa karibu na simu ikingoja. "Ingine ya kubebesha mu gari. Unafikiri Fuso inakunywaka maji?"

"Ile haikuwa mu kesi!"

"Kuya unishitaki!"

Nilicheka hadi vibarua wa depo wakaja kuangalia. Mkungu ule mtu mmoja hauli peke yake, utaoza. Jioni ileile nilibeba vichane, nikapita mlango kwa mlango katika avenyu yangu ya Ruwenzori, nikasema jina langu. Wengine walikuwa wamenipa tayari jina la utani, silitaji hapa.

Hukumu ilikuwa ya mkungu wa kwanza tu. Wa pili ulipokuja, uliozaliwa na mtoto wa mgomba ule, hakuna kati yetu aliyeikumbusha hukumu. Wala wa tatu. Ukaja kila ulipokomaa, miaka yote hii, na haukuja kamwe bila kukatwa. Kichane cha kuchunga hakikukosekana, na juu yake alizidisha: cha mti wa kuegemeza wakati wa upepo, cha mwizi aliyemfukuza, mara moja cha Kwaresima, eti amefunga kwa niaba yangu kwa sababu sisi Waprotestanti hatujui kufunga. Nilibisha kila mara. Sikushinda hata mara moja. Wakati barabara ilipofungwa na bunduki, na hakuna gari lililopita, alinipigia kunijulisha kwamba amekata mkungu mzima. "Nimeukula," alisema, "ju ya woga unanipa weye kukaa kule." Nilimwambia wasingya, Mama, asante, nikamwambia nitamshtaki. Mke wangu, alipokuwa hai, alikuwa akitoka nje ili anicheke vizuri.

Kilioni tulikaa kwenye ile veranda. Papa Mbusa alitangulia zamani, Mama Esperansi ni kikongwe, alinishika mkono akaniuliza kama maharagi bado yanaungua. Nikamwambia siku hizi zaidi. Nyuma ya anexe migomba imekuwa kichaka, na katikati yake kulikuwa na mkungu mmoja umekomaa. Asubuhi ya kuondoka kwangu Kahindo aliukata, akauleta mlangoni akiukumbatia kwa mikono miwili.

"Papa, Mama alisema hii ya nyuma ni yako."

Nilimwomba kisu. Nikamwambia, "Toa kichane kimoya, mwanangu. Ubaki nayo."

"Hapana, Papa! Umetoka mbali. Chukua yote. Ni yako yote."

Nilitaka kumweleza, nikaacha. Mtu aliyefiwa humfundishi kukata. Nikaupandisha garini, nikaja nao Beni, nikautundika jikoni, na hata baada ya kuutundika niliuzunguka nikipapasa juu, pale alama ya kisu inapokaaga. Vichane vyote vilikuwepo. Nikachukua simu, kidole kikafika hadi kwenye jina lake kabla akili haijafika. Nikasimama na simu mkononi, nikasema kwa sauti, jikoni, peke yangu:

"Mama, leo haukukata kitu."